Jicho la Maji: Habari za Chemchemi Zizaazo Mito

Mtu akiuliza, "Mto huu waanza wapi?" katika nchi ya Masukulu, au mahali pengine katika wilaya ya Rungwe, hatakosa wa kumjibu. Ataongozwa hata bondeni penye miti na migomba, na chini ya ukingo wa mawe ataonyeshwa maji yakibubujika, maangavu na baridi, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Ataambiwa, "Hapa ndipo mwanzo wake." Jibu hilo ni kweli kwa macho, walakini si kweli yote. Maji hayo hayakuzaliwa pale. Yametoka mbali, yamepita gizani chini ya mashamba na nyumba za watu, na pale yameonekana tu.

Katika makala hii twataka kueleza jinsi maji yanavyosafiri chini ya ardhi, na jinsi aina ya mawe ya nchi inavyoigeuza safari yao. Habari hii yamhusu sana mwalimu ambaye shule yake imejengwa karibu na chemchemi, na mchungaji ambaye watu wake huteka maji humo, kama tutakavyoonyesha.

I. Maneno

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno ya lugha hutuonyesha wazee waliona nini walipotazama.

Neno lijulikanalo zaidi ni chemchemi. Twaona kuwa lina undugu na kitenzi kuchemka, na maana yake hapa si joto bali ni mwendo: maji yainukayo na kutokota kama maji ya chungu kilichoinjikwa. Katika wilaya ya Hai, upande wa Boma Ng'ombe, iko chemchemi kubwa iitwayo Chemka. Wageni wengi, wakisikia jina hilo, hudhani ya kwamba maji yake yataunguza ngozi. Nao wakiingia hukuta uvuguvugu tu.

Neno la pili ni chanzo, litokalo katika kuanza. Hili ndilo neno la vitabu vya shule na la maofisi, na ndilo lipotoshalo kidogo, maana humfanya mwanafunzi afikiri kwamba nyuma ya mahali pale hapana kitu.

Neno la tatu ni la zamani, nalo ni jicho la maji. Waarabu nao husema vivi hivi, kwa kuwa neno lao ain ni jicho na ni chemchemi pia. Waebrania wana neno hilo hilo katika lugha yao, na wasomaji wetu wamelikuta mara nyingi bila kulitambua, katika majina kama En-gedi na En-rogeli. Hiyo "En" ya mwanzo ni jicho la maji. Neno hili lina hekima ndani yake. Jicho ni kiungo kimoja tu. Mwili wake uko nyuma. Aonaye jicho hajauona mwili.

Lugha za bara zina hazina zao. Ziwa dogo la Masoko, katika wilaya hiyo hiyo ya Rungwe, huitwa pia Kisiba. Neno hili la Kinyakyusa lina maana ya ziwa au dimbwi, nalo ni ndugu wa neno letu ziwa. Msomaji atakayelinganisha "abandu" wa Kinyakyusa na "watu" wa Kiswahili ataona jinsi b ya huko inavyokuwa w ya huku.

II. Nchi ya Rungwe

Sasa tuutazame mwili ulio nyuma ya jicho. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ni mlima wa moto, yaani volkano. Kadhalika Ngozi, upande wa kaskazini-magharibi, na Kyejo, upande wa kusini-mashariki. Wataalamu wametambua ya kuwa Rungwe ulirusha majivu na mawe mepesi kwa wingi sana yapata miaka 4,000 iliyopita. Na Kyejo ulimwaga lava, yaani mawe yaliyoyeyushwa na moto, karibu na mwaka 1800, hata wazee wakawaachia watoto wao habari zake.

Kwa sababu hiyo nchi imetandikwa tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyowekwa mmoja juu ya mwenzake. Pana lava ngumu iliyopasukapasuka ilipopoa, na juu yake majivu, na juu ya majivu lava tena. Mvua nayo ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania. Miteremko ya kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu ya mvua hiyo hukimbia juu ya nchi na kuingia mitoni mara moja. Sehemu nyingine huzama. Katika majivu hupita polepole. Katika nyufa za lava hupita upesi. Hata ifike kwenye tabaka lisilopitisha maji, kama udongo wa mfinyanzi au lava isiyo na ufa. Hapo maji hayawezi kushuka tena, basi hwenda kwa ubavu na kuufuata mteremko. Na pale ambapo bonde limelikata tabaka hilo, hutokea nje. Wazee walisema, "Maji hufuata mkondo"; nasi twaweza kuongeza ya kuwa hata gizani mkondo upo.

Mwenye kutaka ushahidi na ayatazame maziwa. Kisiba ni ziwa la duara, lenye upana wa karibu mita 700 na kina cha zaidi ya mita 30, lililo katika shimo lililopasuliwa na nguvu za moto wa chini. Hakuna mto uliingiao, wala hakuna mto ulitokao. Ngozi nayo ina ziwa kubwa katika kilele chake, nalo halina mto wa kulitoa maji. Mvua huyanyeshea maziwa haya mwaka baada ya mwaka, na jua haliwezi kuyakausha maji hayo yote, walakini hayafuriki. Basi maji hutoka kwa chini, na wataalamu walioyachunguza katika miaka ya 2000 wamelithibitisha jambo hili.

Mto Kiwira nao una mambo ya kustaajabisha. Mahali paitwapo Kijungu, yaani chungu kidogo, mto wote huingia katika shimo la mwamba, huzunguka kwa nguvu nyingi, na kupita chini. Karibu na hapo umejipatia njia chini ya tao la lava, na watu huliita tao hilo Daraja la Mungu. Vitu hivi humsaidia mwalimu, kwa sababu mwanafunzi aliyeona mto mzima ukipita chini ya jiwe hatabisha akiambiwa ya kuwa maji mengine hupita huko asikoona.

Chemchemi za namna hii, zitokazo katika mawe ya moto, ziko mahali pengi katika Afrika ya Mashariki. Mojawapo ya zile kubwa ni Mzima, katika nchi ya Tsavo huko Kenya. Mvua huanguka juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo vimefanyika kwa majivu na lava, na juu ya vilima vyenyewe hakuna mto hata mmoja wa kudumu. Maji yote hunywewa na nchi. Kisha, mbali na vilima hivyo, hutokea Mzima kwa wingi wa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, na kuuingia Mto Tsavo. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bomba la kupeleka sehemu ya maji hayo mpaka Mombasa. Hivyo mtu anywaye maji ya bomba hilo mjini hunywa mvua ya vilima asivyopata kuviona.

III. Nchi ya mawe ya chokaa

Hata hivyo, chemchemi zilizo mashuhuri duniani kwa kuzaa mito mizima kwa ghafula si za lava. Ni za mawe ya chokaa. Mawe haya yalifanyika zamani baharini, kwa mifupa na makombe ya viumbe vidogo na kwa matumbawe. Na tofauti yake na lava ni hii: katika lava maji huzikuta nyufa zilizokwisha kufanywa na moto, bali katika chokaa maji hujichimbia njia yenyewe.

Jinsi yanavyochimba ni hivi. Mvua ikipita katika udongo wenye mizizi na majani yaozayo, huchukua hewa ya ukaa, ile ile itiwayo katika soda. Maji yakichanganyika na hewa hiyo hupata ukali kidogo sana, ambao ulimi hauutambui. Lakini jiwe la chokaa hulitambua. Tone kwa tone, kwa maelfu ya miaka, huyeyuka. Ufa mwembamba kama unywele huwa mfereji, na mfereji huwa pango. Mwisho wake, nchi juu huwa kavu na chini huwa na mito.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila gharama. Na achukue ganda la yai, au kipande cha kombe la pwani, alikamulie ndimu. Wataona mapovu madogo. Kisha na akamulie ndimu hiyo hiyo jiwe jeusi la Rungwe, hawataona kitu. Katika dakika chache watakuwa wamejifunza tofauti ya nchi mbili.

Ajabu ni kwamba nchi ya Rungwe, ijapokuwa haina miamba ya chokaa kama ya pwani, inayo hewa ile ya ukaa kwa wingi. Hutoka ardhini upande wa Kyejo, nayo hukusanywa na kutiwa katika mitungi kwa kazi za viwanda. Na magharibi ya Mbeya, katika bonde la Songwe, maji ya moto yenye hewa hiyo hutoka chini yakiwa yamebeba chokaa. Yakifika nje hewa huruka, na chokaa hubaki na kuganda kuwa mwamba. Basi kwa kuingia maji huyeyusha jiwe, na kwa kutoka huliumba tena.

Wataalamu waliipa nchi ya namna hii jina la karisti, kutokana na uwanda uitwao Kras ulio mpakani mwa Slovenia na Italia. Alama zake ni mito inayozama ghafula, mashimo katika mashamba, mapango marefu, na chemchemi chache zilizo kubwa. Kwetu alama hizo zaonekana pwani. Karibu na Tanga yako mapango ya Amboni, katika mawe ya chokaa yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, na Mto Mkulumuzi hupita karibu nayo. Katika kisiwa cha Unguja mawe ni ya matumbawe, na sehemu kubwa ya upande wa mashariki haina mito, maana maji huzama mara yaangukapo. Nako Mangapwani liko pango ambalo ndani yake hupatikana maji matamu.

IV. Ushahidi wa mambo yaliyofichwa

Msomaji aweza kuuliza, "Nani aliyeingia humo akarudi kutuambia maji hwenda wapi?" Jibu ni kwamba maji yenyewe yametoa ushahidi, na mara nyingine pasipo mtu kukusudia.

Katika Ujerumani ya kusini Mto Danube, ambao hwenda zake mpaka Bahari Nyeusi, hupotea katika chokaa karibu na mji wa Immendingen. Katika miezi ya kiangazi mara nyingi ngome ya mto hubaki mawe makavu. Yapata kilomita 12 kutoka hapo, chini ya kilima, hububujika chemchemi iliyo kubwa kuliko zote za Ujerumani, nayo ndiyo izaayo Mto Aach. Watu wa mto wa kwanza walinung'unika ya kuwa maji yao yamekwenda kwa jirani. Mwaka 1877 wataalamu walitia chumvi nyingi na rangi kali mahali pale pa kuzama. Baada ya siku mbili na nusu hivi Aach ilitoka ikiwa ya kijani yenye kung'aa. Na kwa kuwa Aach humwagia maji yake katika ziwa ambalo Mto Rhine hulipita, ilijulikana ya kuwa mto mmoja hulisha bahari mbili: maji yaliyobaki juu hwenda mashariki, na yaliyozama hwenda Bahari ya Kaskazini.

Ushahidi wa pili watoka Ufaransa. Mwezi wa Agosti mwaka 1901 kiwanda cha pombe katika mji wa Pontarlier kiliungua kwa radi, na pombe nyingi yenye harufu ya kiungo kikali ikamwagwa katika Mto Doubs. Siku mbili baadaye, mbali zaidi ya kilomita 10, maji ya chemchemi izaayo Mto Loue yalinukia pombe ile ile. Kabla ya siku hiyo watu walidhani Loue ni mto wenye chanzo chake wenyewe. Tangu siku hiyo walijua ya kuwa sehemu ya maji yake ni ya Doubs.

Hata Yordani, ambao wasomaji wetu huutaja kila mara, ni mto wa namna hii. Mvua na theluji ya Mlima Hermoni huzama katika chokaa ya mlima, na miguuni pake hutokea chemchemi kubwa za Dani na za Banias, mahali palipoitwa zamani Kaisaria Filipi. Hizo, pamoja na Hasbani, ndizo zifanyazo Yordani wa juu. Yeye asomaye habari za Hermoni na habari za Yordani kama mambo mawili husoma habari za maji yale yale, mara yakiwa juu na mara yakiwa chini.

V. Hatari iliyomo katika maji maangavu

Twafika sasa kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tumeandika. Watu wengi, na waalimu miongoni mwao, huamini ya kuwa maji yatokayo katika mwamba ni safi kwa sababu yanatoka katika mwamba. Husema, "Mto wapita penye ng'ombe na wafuaji, bali chemchemi imechujwa na Mungu." Imani hii ina sehemu ya kweli, na sehemu nyingine yaweza kuua.

Mwaka 1872 katika kijiji cha Lausen, huko Uswisi, homa ya matumbo iliwashika watu zaidi ya 100 katika wakazi karibu 800. Kijiji kilikuwa hakijapata ugonjwa huo kwa miaka mingi. Walioambukizwa walikuwa wanywaji wa maji ya mabomba yaliyotoka katika chemchemi moja. Nyumba chache zenye visima vyao wenyewe zilisalimika. Walipochungua walikuta ya kuwa nyuma ya kilima, katika bonde jingine, palikuwa na shamba lenye wagonjwa wa homa hiyo, na uchafu wao uliingia katika kijito, na maji ya kijito yalitumiwa kunyweshea majani ya malisho.

Ndipo wakajaribu. Walitia chumvi nyingi katika maji ya bonde lile. Baada ya muda chumvi ikaonekana Lausen. Kisha wakatia unga mwingi. Unga haukuonekana hata chembe. Basi ardhi ilikuwa imechuja vema. Maji yaliyofika kijijini yalikuwa maangavu kama kioo. Walakini kichujio kilichozuia unga hakikuzuia ugonjwa, maana mbegu za ugonjwa ni ndogo kuliko chembe ya unga mara nyingi sana.

Tukiyaweka mashahidi haya pamoja, twapata mafundisho mawili. La kwanza latoka Pontarlier: pale maji yanapopita katika mifereji mipana hayachujwi hata kidogo, na uchafu wa mbali huweza kufika katika siku mbili. La pili latoka Lausen: hata pale yanapochujwa, uangavu si cheti cha usafi.

Na Rungwe je? Nchi hiyo si ya chokaa, lakini si ya mchanga mzuri peke yake pia. Tumesema ya kuwa imetandikwa majivu na lava. Majivu yaliyolala kwa unene huchuja na kuchelewesha; lava yenye nyufa haichuji wala haicheleweshi. Chemchemi mbili zilizo katika bonde moja zaweza kuwa za tabia mbili, na jicho la mtu halitambui tofauti yake siku ya jua. Kwa hiyo mtu wa Masukulu hawezi kusema, "Chemchemi yetu ni safi kwa kuwa ile ya jirani ni safi."

VI. Desturi na sheria

Desturi za wazee zilikuwa na ulinzi wake. Katika nchi ya Wanyakyusa msitu wa Lubaga ulitengwa kwa ajili ya Lwembe, na watu walipeleka huko sadaka za kuomba mvua. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliziandika habari zake. Pwani nako watu wameweka ubani na vitambaa katika mapango mengi. Hata Amboni pana chumba ambacho watu huacha sadaka zao. Hatukukusudia kuzipima imani hizo hapa. Twatazama matokeo yake tu: mahali palipoogopwa hapakukatwa miti, hapakufugwa nguruwe, wala hapakutupwa takataka. Na desturi ya Lubaga yaonyesha jambo jingine, ya kuwa wazee waliunganisha uhai wa nchi na mvua iangukapo, si na kisima kitekwapo tu.

Siku hizi woga huo umepungua, na badala yake iko sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuo wa ziwa. Ni sheria njema, na mwalimu afanya vema kuifundisha. Lakini tulinganishe hesabu. Mita 60 hulilinda jicho. Safari ya maji kutoka Pontarlier ilizidi kilomita 10, na ile ya Danube ilikuwa 12. Mtu aweza kupanda miti mizuri kuizunguka chemchemi, akajenga na ukuta, akaweka na kufuli, na huku choo cha jirani, kilicho juu mteremkoni mita mia tatu, kikashuka kwa siri mpaka mtungini mwake. Hapo hakuna aliyevunja sheria, na watoto waharisha.

Ugomvi nao huingia kwa njia hiyo. Mwenye shamba la juu hajui ya kuwa yu juu ya maji ya watu. Haoni mto, aona shimo tu katikati ya mawe, nalo lamfaa kwa kutupia mizoga na taka. Akionywa hukasirika, asema, "Chemchemi yenu iko kule chini, mimi nina hatia gani?" Hana ubaya, hakufundishwa. Na aliyepaswa kumfundisha ni sisi.

VII. Yapasayo waalimu

Mwalimu hana haja ya vyombo vya thamani ili aijue chemchemi ya mahali pake. Mambo haya yatamtosha kwa kuanza.

Kwanza, na apande na wanafunzi kutoka kwenye jicho kwenda juu, si chini kama ilivyo desturi ya matembezi ya mitoni. Na waandike katika ramani yao vyoo, mazizi, makaburi, mashimo ya taka, na kila mahali ambapo maji ya mvua huzama pasipo kuonekana tena.

Pili, na waitazame chemchemi baada ya mvua kubwa. Ikigeuka rangi na kuongezeka upesi, katika saa chache tu, yafaa kujua ya kuwa ina njia pana, na ya kuwa uchafu wa juu huifikia upesi vile vile. Ikibaki vile vile kwa siku nyingi, maji yake hupita polepole. Kama wana kipimo cha joto, na wapime kila juma: chemchemi ya mbali na ya kina haibadiliki sana, bali iliyo karibu na uso wa nchi hufuata majira.

Tatu, maji ya kunywa na yachemshwe, hata yakiwa maangavu. Mtu akicheka na asimuliwe habari za Lausen na za unga ule.

Nne, jicho lenyewe na lijengewe: ukuta wa mawe nyuma yake, bomba la kutekea ili mikono na ndoo zisiingie majini, uzio wa kuzuia wanyama, na mfereji mdogo upande wa juu wa kugeuza maji ya mvua yapitayo juu ya nchi. Mambo haya huzuia uchafu wa karibu. Uchafu wa mbali huzuiwa kwa maneno tu, yaani kwa kuzungumza na wenye mashamba ya juu na wazee wao, kwa adabu, mara nyingi. Kama panatakiwa kujaribu kwa chumvi au rangi, mtu asifanye peke yake. Na aiendee kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye amri juu ya maji ya nchi hiyo.

Tano, na hili ni la gazeti letu: mwalimu na akusanye maneno. Watu wa mahali pake huitaje chemchemi isiyokauka, na ile ikaukayo Oktoba? Huyaitaje maji yapoteayo ardhini? Kuna jina la mahali pa kuzama, kama lilivyo jina la mahali pa kutokea? Lugha yenye jina la mahali pa kuzama ni lugha ya watu waliokwisha kuifahamu safari ya maji kabla ya wataalamu, na jina hilo lina faida kuliko hotuba ndefu, maana mwenye shamba la juu akilisikia katika lugha ya mama yake hatahitaji kuelezwa.

Ama katika Kiswahili, twapendekeza ya kuwa darasani neno chanzo lisiachwe peke yake. Mwalimu na aseme pia jicho la maji, kisha awaulize wanafunzi mwili wake uko wapi. Wakiisha kuonyesha kwa kidole mlima ulio nyuma yao, na mashamba, na paa za nyumba zilizo huko juu, somo limeingia.